Kuitayarisha Diski Ngumu Mpya Kabla ya Kuitumia

Vyama vya msingi vingi hutunza hesabu za wanachama katika kompyuta: kilo zilizopokelewa, malipo ya awali, mikopo ya pembejeo na hisa. Diski ya zamani ijaapo au ichakaapo, chama hununua mpya. Yafaa ieleweke kwamba diski mpya ya kufungwa ndani ya kompyuta aghalabu haiwi tayari kupokea kazi mara iunganishwapo. Hiyo si dalili ya ubovu. Ni leja isiyopigwa mistari wala kutiwa nambari za kurasa.

Hatua za matayarisho ni tatu. Kwanza, diski huandikishwa kwa kuchagua aina ya jedwali la mgawanyo. Aina ya zamani, MBR, kwa kawaida haivuki terabaiti 2. GPT haina kikomo hicho, nayo ndiyo ifaayo kwa kompyuta za sasa. Pili, nafasi hugawanywa katika sehemu. Chama kidogo chaweza kutosheka na moja. Tatu, sehemu hiyo hufomatiwa. Kwa Windows yafaa NTFS, kwani FAT32 haipokei faili moja la gigabaiti 4 au zaidi. Fomati ya haraka huandaa faharasa tu. Fomati kamili hukagua diski nzima, na ijapochukua saa nyingi, ndiyo bora kwa diski itakayobeba hesabu.

Diski ya terabaiti 1 ikisomeka takriban gigabaiti 931, mwuzaji hakupunja. Kiwanda huhesabu kwa 1,000, Windows kwa 1,024.

Hatari kubwa ni kufomati diski isiyokusudiwa. Kwa hiyo chomoa kwanza diski zote za nje, linganisha ukubwa unaoonyeshwa na ule wa diski mpya, na mjumbe wa pili ashuhudie kabla ya kuthibitisha. Aidha, diski ya zamani yenye hesabu ikiomba kufomatiwa, kataa, umwite fundi.

Baada ya kunakili, fungua mafaili na ulinganishe jumla na leja ya karatasi. Diski ya zamani isifutwe. Ifungiwe kabatini, na nakala nyingine iwekwe nje ya ofisi. Mkulima aliyekwisha kukabidhi mazao yake hana ushahidi wa deni lake ila stakabadhi yake na kumbukumbu hizo.