Moyo Uliopoteza Hesabu Yake

Nilipokuwa nikisomesha madrasa Suneka, nje kidogo ya mji wa Kisii, nililetewa mwanamke mmoja kijana, mama wa watoto wawili, aliyelalamika kwamba moyo unampapatika kifuani kama kuku aliyefungwa miguu. Mama mkwe wake akaninong'oneza, "Maalim, huyu amerogwa." Nami, Allah anisamehe, nilimsomea ruqya siku tisa.

Siku ya kumi nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu: mapigo mawili ya haraka, kimya, moja dhaifu, matatu mfululizo. Hayakuwa na mizani. Ibn Sina aliandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, na jina lake tumelisikia tangu utotoni. Mimi sikuwa nimemgusa mgonjwa mshipa hata mara moja. Nikamwambia mumewe ampeleke hospitali ya rufaa ya Kisii. Walipoondoka asubuhi, mdomo ulikuwa umeshaanza kwenda upande.

Maradhi yake ni haya. Moyo huongozwa na umeme mdogo unaoanzia sehemu ya juu. Umeme huo ukivurugika, vyumba vya juu hutetemeka badala ya kusukuma, damu hutuama na kuganda, na bonge likipanda ubongoni huleta kiharusi. Kwetu chanzo mara nyingi ni koo la utotoni lisilotibiwa, likazaa homa ya baridi yabisi, nayo ikaharibu vilango vya moyo polepole kwa miaka.

Nchini Kenya, mmoja wa mabingwa wa fani hii ni Daktari Mohamed Jeilan wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, aliyepata kufanya utafiti Leicester, Uingereza. Tabibu wa umeme wa moyo hupitisha waya mwembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni, akapasaka mahali penye fitina, akapachoma. Moyo uliozembea humwekea kifaa cha kuuongoza. Ni tiba ghali, tena hospitali zenye kuitoa ni chache.

Wengi wetu, basi, tegemeo letu ni vidonge. Mwaka 2022 Daktari Ganesan Karthikeyan wa New Delhi na wenzake walitoa matokeo ya utafiti wa wagonjwa zaidi ya 4,500 kutoka nchi 24, wote wakiwa na maradhi haya yatokanayo na baridi yabisi. Takriban 7 katika kila 10 walikuwa wanawake. Dawa mpya ya kuzuia damu kuganda ilishindanishwa na ile ya zamani, warfarin na jamii yake. Ya zamani ndiyo iliyookoa maisha zaidi.

Lakini warfarin ina masharti. Damu hupimwa mara kwa mara. Chinsaga na mboga nyingine za majani haziharamishwi, ila ziliwe kwa kiasi kisichobadilika. Anayetaka kushika mimba amwone daktari kabla, kwani dawa hii yaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na wa kufunga Ramadhani aulize mapema, asijikatie dawa.

Yule mwanamke sasa anatembea, ijapokuwa mkono wa kulia bado ni mzito. Mwezi uliopita alinipigia simu: mwanawe ana homa, koo limemvimba, je, amlete nimsomee? Nikamwambia nitamsomea papo hapo kwenye simu, wakiwa njiani kwenda zahanati.