Mwalimu Akistaafu, Miguu Isistaafu

Eldoret, mji uliopandishwa hadhi kuwa jiji mwezi wa Agosti 2024, umepata sifa duniani kwa miguu ya wanawe. Tangu Kipchoge Keino alipotwaa nishani ya dhahabu katika mbio za mita 1,500 kule Meksiko mwaka wa 1968, kila kizazi kimetoa mabingwa wake. Hata hivyo, wengi wetu tunayaona mazoezi kuwa kazi ya vijana wanaotafuta nishani na fedha. Mzee akionekana akitembea kutoka Kapsoya kwenda sokoni, huonewa huruma kana kwamba amekosa nauli ya bodaboda. Dhana hiyo ina madhara, na wa kwanza kudhurika ni mwalimu mstaafu.

Mwalimu wa Kenya hustaafu kwa kawaida atimizapo miaka 60. Kwa zaidi ya miongo mitatu amesimama mbele ya ubao, amezunguka kati ya madawati na kwenda shuleni na kurudi. Ghafla, hayo yote hukoma. Watoto wake, kwa mapenzi mema, humnunulia kiti cha starehe na runinga, kisha wakamwambia: "Baba, sasa pumzika." Naye hupumzika kweli, hata jembe hakamati na lango halivuki. Baada ya miaka michache huanza kusahau majina ya wajukuu, nasi tunasema, "Ni uzee tu."

La hasha! Uzee peke yake si maelezo ya kutosha. Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote. Mtu anapotembea kwa haraka, moyo husukuma damu kwa nguvu zaidi na ubongo hupata lishe yake. Aidha, mazoezi hupunguza shinikizo la damu na kisukari, maradhi mawili yanayoharibu mishipa midogo ya kichwani.

Mwaka wa 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wazee 120. Nusu yao walitembea kwa haraka siku tatu kwa juma, na wengine walifanya mazoezi ya kunyoosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ambayo ni muhimu sana kwa kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka kwa asilimia 2 hivi miongoni mwa waliotembea. Miongoni mwa wenzao ilikuwa imepungua. Mwaka wa 2024 jopo la wataalamu wa jarida la Lancet lilitaja mambo 14 ambayo, yakirekebishwa, yangeweza kuzuia au kuchelewesha karibu nusu ya maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Kukaa bila mazoezi ni mojawapo, na upweke ni jingine. Sisemi kwamba kutembea ni kinga kamili, kwa maana wapo watembeao kila siku na bado wakapatwa. Nasema kwamba hatari hupungua.

Huenda msomaji akauliza: je, wazee wetu hawalimi? Naam, mkulima wa Uasin Gishu mwenye mahindi yake na ng'ombe wa kukamua ana mazoezi tele. Ninaowasemea ni wale wa mitaani, waliokodisha mashamba yao na ambao hata kwenda kanisani hupanda pikipiki.

Wengine wametuonyesha njia. Katika jiji la Chicago, watafiti wa chuo kikuu waliwaandalia wazee wa jamii ya Walatino mpango wa dansi za Amerika ya Kilatini, ili waufanyishe mwili na akili mazoezi kwa kitu wanachokipenda. Nasi tuna vyetu. Mzee aliyecheza isukuti ujanani hahitaji kufundishwa mazoezi ya kigeni, wala mama wa kwaya hahitaji mashine ya kukimbilia. Wanachohitaji ni mahali, wenzao na ruhusa ya jamii isiyowacheka.

Kwa hiyo ninapendekeza mambo matatu. Kwanza, shule zetu ziwafungulie wazee viwanja vyao jioni na siku za Jumamosi, kwani vingi hukaa vitupu. Pili, wanafunzi watembee na babu na bibi zao. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu na amwone daktari kwanza. Tatu, serikali ya kaunti ijenge njia za waendao kwa miguu, kwani mzee hawezi kushindana na matatu barabarani.

Wahenga walisema kwamba penye wazee haliharibiki neno. Lakini neno hilo limehifadhiwa katika ubongo, nao ubongo hutegemea damu, na damu hutaka miguu iende. Tukimketisha mwalimu wetu mstaafu kitini hadi asahau aliyotufundisha, hasara haitakuwa yake peke yake. Itakuwa yetu sote.