Kitabu cha Matukio na Faili la Wodi

Juni 2025 polisi wa Kenya walieleza kwamba Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alifariki baada ya kujigonga kichwa ukutani ndani ya seli ya Kituo Kikuu cha Polisi, Nairobi. Siku chache baadaye wanapatholojia walikuta majeraha kichwani, dalili za kubanwa shingo na michubuko sehemu nyingi za mwili. Ukuta haumkabi mtu.

Tunaopitia majalada ya vifo vya aina hii huanzia OB, kile kitabu cha matukio kilicho kaunta ya kila kituo. Mtu aliingia saa ngapi, akiwa na hali gani, nani alimkagua seli na lini? Saa tatu za usiku zikipita bila neno, au maelezo ya asubuhi yakiwa yameandikwa kwa mkupuo mmoja, hapo ndipo pa kuuliza. Kisha mwili wenyewe: damu hutuama upande uliolalia sakafu, kwa hiyo madoa yake hueleza kama maiti iligeuzwa. Nguo zikifuliwa na mwili ukioshwa kabla ya kupigwa picha, nusu ya ushahidi imekwenda na maji.

Sheria ya Kenya haiko kimya. Kifungu cha 387 cha Kanuni ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka hakimu wa karibu achunguze kifo cha aliyekuwa mikononi mwa polisi au magereza. Ni lazima. Vifo vingine vyenye shaka, hakimu “anaweza”. Mgonjwa aliyefungiwa wodi ya akili, ambaye hawezi kutoka kama vile mahabusu asivyoweza, yuko upande huo wa “anaweza”. Hospitali ikishaandika kwamba moyo ulisimama, mambo huishia hapo. Lakini moyo wa kila maiti umesimama! Swali ni alidungwa dawa gani ya kumtuliza, kiasi gani, na nani alikuwa amemkalia mgongoni.

Uingereza swali hilo liliulizwa kwa uchungu. Mwaka 2010 Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23, alienda hospitali ya Bethlem, London, kwa hiari yake. Alipotaka kuondoka alizuiwa, polisi 11 wakaitwa, wakambana hadi akazimia. Alifariki siku chache baadaye. Baraza la wazee wa mahakama lilitoa matokeo yake kuhusu kifo hicho mwaka 2017. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria inayozitaka wodi za akili ziandike matumizi ya nguvu dhidi ya wagonjwa, na polisi wanaoitwa humo wavae kamera. Tena huko, kifo cha mgonjwa aliyezuiliwa kisheria ni lazima kichunguzwe na korona, yaani afisa anayechunguza vyanzo vya vifo.

Kenya ilitunga sheria ya huduma ya korona mwaka 2017. Ojwang alipofariki, miaka minane baadaye, huduma hiyo ilikuwa bado haijaanza.

Ndugu yako akifia kituoni au wodini, usikimbilie kuzika. Omba namba ya OB, au nakala ya chati ya dawa. Tafuta daktari wako ahudhurie upasuaji wa maiti, tena afike kabla haujaanza.