Herufi Moja Katika Tikiti ya Ndege

Miongoni mwa mambo yanayozungumzwa sana majumbani mwetu hapa Dodoma na katika nyanda za kati ni nauli ya ndege. Watu wawili huketi bega kwa bega katika ndege moja iendayo Dar es Salaam, wakaondoka saa moja na wakateremka saa moja. Kisha wakiulizana walichotoa, yaonekana mmoja ametoa nusu tu ya alichotoa mwenziwe. Aliyetoa zaidi hudhani ameibiwa, na aliyetoa kidogo hudhani amebahatika. Sisi twasema kuwa aghalabu hapana wizi wala hapana bahati. Tofauti yao ni herufi moja iliyoandikwa katika tikiti, na mtu asiyeijua herufi hiyo hulipia kitu asichokijua.

Tumeona yafaa kuieleza khabari hii kwa urefu kidogo, kwa kuwa wanaoumizwa nayo zaidi si matajiri. Ni mzee aendaye Muhimbili kutibiwa, ni mama aliyejiwekea akiba ya umra, na khasa ni mfiwa ambaye hana siku ya kungoja.

Mafungu ndani ya daraja

Shirika la Ndege la Tanzania liliundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika East African Airways. Lilipofufuliwa mwaka 2016 lilipokea ndege mbili za Q400 zenye mapangaboi, na ndege za aina hiyo zimekuwa zikitua Dodoma. Kila moja ina viti 76, yaani viti 6 vya daraja la biashara na viti 70 vya daraja la kawaida. Kwa jicho, basi, ndege ina madaraja mawili. Lakini katika hesabu za kompyuta mambo si hivyo. Mashirika ya ndege yana desturi ya kuvigawa viti vile vya kawaida katika mafungu mengi ya bei, na kila fungu likapewa herufi yake. Kiti ni kile kile. Kinachobadilika ni bei na masharti.

Herufi hizi hazifuati mpango wa alifu na be. Karibu dunia nzima, Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida. J au C ni daraja la biashara. Na F ni daraja la kwanza. Herufi nyingine, kama B, M, H, K, L, Q na V, ni nauli zilizopunguzwa kwa daraja la kawaida, na kila shirika huzipanga lipendavyo. Kwa hiyo asidhani mtu kuwa K ya shirika moja ni sawa na K ya shirika jingine. Lililo la jumla ni hili: kadiri nauli inavyoshuka, ndivyo masharti yanavyokaza.

Wakala akitazama ndege katika kompyuta yake huona mfano wa maandishi haya: Y9 B9 M5 K3 Q0. Nambari iliyofuata herufi ni idadi ya nafasi zinazoweza kuuzwa kwa bei ya herufi hiyo. Sifuri maana yake mlango umefungwa. Tisa, katika mipango mingi, maana yake ni tisa au zaidi, kwani kompyuta haionyeshi zaidi ya hapo. Basi mtu akiambiwa kuwa nafasi za rahisi zimekwisha, haina maana kuwa ndege imejaa. Maana yake ni kwamba Q imefikia sifuri, na ndege yaweza ikawa na viti ishirini vitupu.

Hapa wengi hukosea kwa kuzijumlisha nambari hizo. Mafungu haya si masanduku yaliyotengana. Ni kama vikombe vilivyoingizwa kimoja ndani ya kingine. Anayelipa nauli ya Y aweza kuchukua kiti ambacho kingeuzwa kwa M, lakini wa M hawezi kuchukua kilichowekwa kwa ajili ya Y. Kwa hivyo wakala akiona Y4 M4 K2, jumla ya viti vilivyobaki si kumi. Ni vinne, na katika hivyo vinne, viwili tu ndivyo vinavyoweza kutoka kwa bei ya K. Kadhalika, picha ya viti inayoonyeshwa katika simu wakati wa kununua haisemi ni viti vingapi vimeuzwa. Kiti kinachoonekana kitupu katika picha chaweza kuwa cha msafiri aliyekwisha kulipa lakini hajachagua mahali pa kukaa.

Hesabu iliyozaa mafungu

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika zama za East African Airways, nauli za safari za kimataifa zilikuwa zikikubaliwa na mashirika kupitia chama chao cha IATA, na serikali zikaziidhinisha. Mabadiliko makubwa yalikuja pale Marekani ilipotoa sheria ya mwaka 1978 iliyoyaachia mashirika yake uhuru wa kupanga nauli za ndani ya nchi, na baadaye nchi nyingi zikafuata njia hiyo.

Lakini hesabu yenyewe ilikwisha kuandikwa kabla ya hapo. Mwaka 1972, Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la Uingereza la BOAC, aliuliza swali ambalo kila muuza duka hulijua: je, mteja wa bei ndogo aliyefika leo apewe bidhaa, au bidhaa iwekwe kwa ajili ya mteja wa bei kubwa ambaye pengine atakuja kesho?

Tutoe mfano wa kudhania. Nauli rahisi ni shilingi 150,000 na nauli kamili ni shilingi 300,000. Ikiwa shirika litauza kiti kimoja kwa rahisi katika safari kumi, litapata shilingi 1,500,000. Likikiweka mpaka siku ya mwisho, na katika safari kumi mteja wa nauli kamili akatokea mara sita, litapata shilingi 1,800,000, ijapokuwa kiti kitaruka kitupu mara nne. Basi litakiweka. Akitokea mara nne tu, litapata shilingi 1,200,000. Hapo ni afadhali liuze kwa rahisi mapema. Hesabu ya namna hii ndiyo kompyuta inayoifanya kwa kila kiti na kila safari, na kuirudia kila khabari mpya inapoingia. Ndiyo maana herufi iliyofungwa asubuhi yaweza kufunguliwa jioni, iwapo watu wamevunja safari zao.

Mji wetu na wasafiri wake

Sasa tuitazame Dodoma kwa hesabu hiyo. Uamuzi wa kuufanya mji huu makao makuu ulipitishwa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 Serikali imehamia hapa kwa vitendo. Wengi wa wanaoruka kati ya Dodoma na Dar es Salaam ni watu wa kazi: wabunge, maofisa, mawakili na wafanya biashara. Safari zao hukatwa kwa haraka, na aghalabu hulipiwa na ofisi. Bunge la bajeti huanza mwezi wa Aprili na kuendelea mpaka mwisho wa Juni, na siku za kuanza na kumaliza vikao watu huwa wengi mno. Kompyuta hujifunza mwendo huu. Huziweka herufi za rahisi chache, au huzifunga mapema, kwa kuwa yajua mteja wa nauli kamili atakuja.

Shida ni kuwa kompyuta haiwezi kumtambua aliyekuja kwa haraka amekuja kwa sababu gani. Aliyepigiwa simu usiku kuwa baba yake amefariki Dar es Salaam, na maziko ni baada ya adhuhuri, anafika mbele ya kompyuta ile ile kwa saa ile ile pamoja na ofisa anayelipiwa. Sisi Waislamu tumeamrishwa kuharakisha maziko, kwa hiyo hatuna wiki mbili za kungojea Q ifunguke. Tunaikuta Y peke yake, nao ndio mlango wa bei kuu.

Hili lataka lifahamike katika jamaa zetu. Tumesikia mara nyingi mtu akilaumiwa kuwa hakumzika nduguye kwa ubakhili, hali nauli aliyoikuta siku ile ilizidi mshahara wake. Lawama hiyo ni dhuluma. Ni afadhali ukoo uweke akiba ya misiba, kila nyumba ikitoa kidogo kila mwezi, ili siku hiyo asibebeshwe mtu mmoja.

Aidha, ndege siyo njia ya pekee. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kufika Dodoma kutoka Dar es Salaam, na nauli ya daraja la kawaida ya treni ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo na mamlaka ya LATRA ilikuwa shilingi 31,000. Safari yake huchukua kiasi cha saa nne. Tofauti kubwa ni hii: nauli ya basi na ya treni ina kiwango kilichotangazwa na mamlaka, wala haimpandii mtu kwa kuwa amefiwa, bali nauli ya ndege hupangwa na shirika lenyewe. Ukihesabu muda wa kwenda uwanjani, kungoja, na kutoka uwanja wa Dar es Salaam mpaka mjini, pengine utaona treni haikuchelewesha sana.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, uliza herufi na masharti yake. Je, tikiti yaweza kubadilishwa? Kwa faini gani? Fedha zarudi au hazirudi? Kubadilisha tikiti ya rahisi mara nyingi huleta malipo mawili: faini, na tofauti ya nauli ikiwa herufi ya awali imekwisha kufungwa. Mgonjwa asiyejua siku atakayoruhusiwa kutoka hospitali asishawishike na tikiti rahisi ya kwenda na kurudi. Bora anunue ya kwenda, na kurudi arudi kwa treni, au alipe zaidi kidogo kwa herufi inayokubali kubadilishwa.

Pili, mnapokuwa wengi, ulizeni pia nauli ya mmoja mmoja. Kompyuta ikiombwa nafasi nne hutafuta herufi yenye nafasi nne. Tuseme K imebakiwa na tatu kwa shilingi 150,000, na M ina tano kwa shilingi 210,000. Wote wanne watatajiwa bei ya M, jumla shilingi 840,000. Wakinunua watatu kwa K na mmoja kwa M, jumla ni shilingi 660,000, nao wameokoa shilingi 180,000. Lakini hizo zitakuwa tikiti za mafungu mawili. Mwambieni wakala aziunganishe katika kumbukumbu zake, wala mtoto asiwekwe peke yake, isije safari ikahamishwa mkatengana naye.

Tatu, fahamuni hesabu ya watoto. Mtoto aliye chini ya miaka miwili akipakatwa hatumii nafasi katika hesabu ya viti, na katika safari za nje aghalabu hulipiwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya nauli. Aliyetimiza miaka miwili hushika kiti chake, basi huhesabiwa miongoni mwa wale wanne.

Nne, aendaye umra kutoka hapa kwa kupitia Dar es Salaam na aulize kama safari yote imo katika tikiti moja. Ikiwa ni tikiti moja, ndege ya kwanza ikichelewa, kumfikisha mbele ni juu ya shirika. Ikiwa amenunua mbili mbalimbali ili kupunguza gharama, ya pili yaweza kumpotea, naye hana wa kumdai. Anayefanya hivyo na aondoke Dodoma siku moja kabla.

Wako wanaouliza iwapo biashara ya namna hii ni halali, kuuza kiti kimoja kwa bei mbili. Tuonavyo sisi, bei ikitajwa wazi, na masharti yakajulikana, na pande mbili zikaridhiana kabla ya kulipa, mauzo hayana ila kwa sababu tu ya jirani kupata kwa kidogo. Ila iko katika kuficha. Wakala anayemwuzia bibi kizee tikiti isiyobadilika wala kurejeshwa, akanyamaza asimwambie, huyo amemficha mnunuzi kasoro ya bidhaa, na hilo kila Mwislamu alijua hukumu yake. Vijana waliosoma, nanyi mna sehemu yenu: wasomeeni wazee wenu maandishi yale madogo kabla hawajatoa fedha.

Basi lile lijulikanalo mapema, kama harusi, likizo ya shule au safari ya umra, na linunuliwe mapema, herufi za chini zingali wazi. Na lile lisilojulikana ila kwa Mwenyezi Mungu, na tuliwekee akiba. Yeye ndiye mwenye kuwafikisha wasafiri salama.