Nakala ya Akiba kwa Mtumiaji wa Kompyuta Asiyeona

Alasiri ya tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa Mkoa wa Kagera. Watu walipoteza maisha, na majengo ya shule kadhaa, yakiwamo ya Ihungo, yakaharibika vibaya. Katika janga kama hilo, kumbukumbu iliyowekwa mahali pamoja tu huangamia pamoja na mahali hapo. Wala si lazima ardhi itetemeke: radi za Ziwa Viktoria au umeme unaokatika ghafla hutosha kuharibu diski ya kompyuta.

Tuchukue mfano wa mwalimu asiyeona akaaye Rubafu, ufukoni mwa ziwa hilo, kaskazini ya mji wa Bukoba. Ndani ya kompyuta yake ya nyumbani mna maandalio ya masomo na alama za wanafunzi. Je, achague programu gani ya kutunzia nakala za akiba?

Kwanza yatupasa kufahamu jinsi anavyoitumia kompyuta. Yeye huongozwa na kisoma skrini, yaani programu itamkayo kwa sauti yale yaliyomo kwenye skrini. Mojawapo ni NVDA, iliyoanzishwa nchini Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni. Hutolewa bure, na yaweza kusoma Kiswahili. Kisoma skrini hakitazami picha kama jicho litazamavyo. Huuliza mfumo wa kompyuta: hapa pana kitu gani, kinaitwaje, na kiko katika hali gani? Ikiwa mtungaji wa programu hakukipa kitufe jina, sauti itasema "kitufe", basi. Na msikilizaji atabaki akibahatisha.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni kwamba kila kazi iweze kufanywa kwa kibodi na kusikika kwa sauti. Kipimo cha pili, ambacho hupuuzwa mara nyingi, ni kurejesha kilichopotea. Programu nyingine hunakili diski nzima kama kitu kimoja. Diski ikifa, kompyuta huwashwa kwa mfumo mdogo wa dharura, ambamo aghalabu kisoma skrini hakimo. Hapo mwalimu wetu anayo akiba, lakini hawezi kuifikia bila kuazima macho ya mtu mwingine.

Lililo bora kwake ni programu inayonakili faili moja moja katika hali yake ya kawaida. Faili hizo zaweza kufunguliwa katika kompyuta nyingine yenye kisoma skrini. Robocopy, iliyomo ndani ya Windows tangu toleo la Vista, huendeshwa kwa amri za maandishi na hujibu kwa maandishi. Lakini tahadhari: ikiamriwa kuzilinganisha folda mbili, hufuta katika folda ya pili kila kisichokuwamo katika ya kwanza. Atakayekosea mpangilio wa folda hizo aweza kuifuta kazi yake mwenyewe.

Baada ya kunakili, diski ya akiba ichomolewe ili radi isiifikie. Nakala nyingine iwekwe mbali na nyumbani, mathalani mjini Bukoba.

Wanafunzi wenye kuona wanaweza kufanya jaribio hili. Nakilini faili moja isiyo na thamani, kisha ifuteni ile ya asili. Washeni kisoma skrini, zimeni skrini, wekeni kipanya kando, na mjaribu kuirejesha. Programu itakayowashinda hapo haimfai mwalimu wa Rubafu.