Je, Wajua? Huzuni ya Waingereza na Watuhumiwa Wake

Je, wajua kwamba kwa karne nyingi huzuni ilikuwa na rangi, na rangi hiyo ilidhaniwa kutoka tumboni? Neno "melancholy", ambalo Kiingereza kililipokea kutoka Kigiriki kwa kupitia Kilatini na Kifaransa, ni maneno mawili yaliyounganishwa: nyeusi na nyongo. Matabibu wa Ugiriki ya kale waliamini kuwa mwili unaendeshwa na majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Hiyo ya nne ikizidi, mtu hujitenga, hukosa usingizi, na dunia humwishia utamu. Haikuwa lugha ya mafumbo. Giza la moyoni lilikuwa kitu cha kutolewa mwilini, hivyo mgonjwa alichanjwa damu itoke au alipewa dawa ya kuharisha. Kasoro ni moja tu: nyongo nyeusi haipo. Yale majimaji mengine matatu yapo, lakini hili lililobebeshwa lawama zote hakuna daktari aliyewahi kulipata.

Nasi tumo katika hadithi hii. Elimu hiyo ilitafsiriwa kwa Kiarabu, tabibu Ibn Sina akaipanga vizuri katika kitabu chake cha Kanuni za tiba, na mabaki yake yakavuka bahari hadi pwani ya Afrika Mashariki. Anayelalamika kuwa ana balghamu kifuani anatumia neno la Kigiriki lililopita mikononi mwa Waarabu. Safura nayo, ule ugonjwa wa minyoo unaomwacha mtu hana damu, ina jina la Kiarabu la nyongo ya manjano.

Mwaka 1621 Robert Burton, kasisi na mkutubi wa Oxford, alichapisha kitabu kizima juu ya hiyo nyongo nyeusi, akijificha nyuma ya jina la Democritus Junior. Alikiri kwamba aliandika juu ya huzuni ili asipate nafasi ya kuhuzunika. Dawa hiyo ilihitaji kuendelea kutumiwa, maana kila kitabu kilipochapwa upya alikiongezea kurasa, mpaka alipofariki mwaka 1640. Aliwahi kupiga ramli ya nyota akatabiri wakati wa kifo chake, na utabiri ulikaribia mno kutimia, hata wanafunzi wakanong'onezana kwamba mzee alijinyonga ili nyota zisiaibike.

Baada ya nyongo, kesi ikahamia kwenye bandama, kwa kuwa iliaminika ndiyo ghala la hiyo nyongo nyeusi. Katika karne ya 18 mtu wa tabaka la juu mjini London alisema ana "spleen", yaani bandama, akieleweka kuwa roho yake imelegea. Daktari George Cheyne aliandika mwaka 1733 kwamba huo ni ugonjwa wa Waingereza hasa, akaulaumu unyevu wa hewa, vyakula vya anasa na uvivu wa mijini. Kuhusu vyakula alijua anachosema: yeye mwenyewe aliwahi kufikia kilo 200 hivi, kabla ya kujilazimisha kuishi kwa maziwa na mboga.

Je, wajua kwamba "sad" zamani ilimaanisha kushiba? Mwingereza wa miaka elfu moja iliyopita alikuwa "sad" baada ya kula akatosheka, na Mjerumani mpaka leo husema "satt" anapoisukuma sahani. Aliyeshiba ni mzito. Mzito akaja kuwa mtu makini. Makini akawa asiyecheka. Asiyecheka, basi, ana huzuni. Maana ya uzito haikufa yote. Kaskazini mwa Uingereza mkate uliogoma kuumuka bado huitwa "sad". Pasi za zamani ambazo ni pande tupu la chuma, zisizo na tumbo la kutia mkaa kama zetu, ziliitwa "sad iron" kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1871 Mmarekani Mary Florence Potts alipata hataza ya mpini wa mbao unaochomolewa, hata pasi moja ikipoa mpini unahamishiwa nyingine iliyoko jikoni, na mkono hauungui.

Katika neno hilo, kwa hiyo, hamkuwa na giza hata chembe. Liliingizwa mwaka 1984, na kwa makusudi. Daktari Norman Rosenthal, aliyehamia Marekani kutoka Afrika Kusini na kujikuta akinyong'onyea kila majira ya baridi, alieleza pamoja na wenzake ugonjwa wa kushuka moyo unaofuata misimu, wakaupa jina ambalo herufi zake za mwanzo ni S, A na D. Safari hii mtuhumiwa alipatikana na ushahidi: uhaba wa mwanga. Mwishoni mwa Desemba, London hupata mchana usiofika saa 8, na jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Hebu fikiria mtu wa Tanga au Mombasa, aliyezoea jua lizamalo saa kumi na mbili na ushei, akitoka kazini huko! Tiba yake moja ni kukaa asubuhi mbele ya taa yenye mwanga wa luksi 10,000, kwa nusu saa hivi.

Watu wengi, hata Waingereza wenyewe, hudhani ndani ya "nightmare", yaani ndoto ya kutisha, kuna farasi jike. Hayumo. "Mare" huyo ni pepo aliyeaminika kumkalia mtu kifuani usiku asiweze kupumua wala kupiga kelele, na Mswahili hahitaji kuelezwa zaidi, kwani ni jinamizi huyo huyo. Mchoraji Henry Fuseli, Mswisi aliyeishi London, alimchora mwaka 1781 akiwa amechuchumaa juu ya mwanamke aliyelala, na, huenda kwa utani, akapenyeza kichwa cha farasi pazia lilipoachana. Wataalamu wa usingizi hueleza kwamba mtu anapoota, ubongo huizuia misuli isitende yanayootwa. Fahamu zikirudi mapema kuliko misuli, mtu hujikuta macho lakini amefungika.

"Dismal", neno la kitu cha kuhuzunisha, ni Kilatini cha "siku mbaya". Kalenda za zama za kati zilikuwa na siku mbili za nuksi kila mwezi, 24 kwa mwaka, ambazo haikufaa kusafiri wala kuoa.

"Doldrums" ilianza kama neno la uzito wa moyo. Mabaharia wakalitumia kwa merikebu iliyokosa upepo, wasikilizaji wakadhani ni jina la mahali, na sasa ni jina la mkanda wa bahari ulio karibu na ikweta.

Winston Churchill alimtaja mbwa mweusi, yaani huzuni yake, katika barua kwa mkewe mwaka 1911, lakini Samuel Johnson, mtunga kamusi, alikwisha kumlalamikia mbwa huyo katika karne ya 18.

Na "blues"? Ni kifupi cha "blue devils", mashetani wa buluu waliosemekana kumwandama mwenye huzuni, na mlevi aliyekatishwa pombe ghafla. Jina hilo likashikwa na Wamarekani weusi wa kusini kwa muziki wao. Agosti 1920, mjini New York, mwimbaji mweusi Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues". Sahani hiyo ya santuri ilinunuliwa kwa wingi kiasi kwamba kampuni za muziki, zilizokuwa zikiwapuuza waimbaji weusi, zikaanza kuwatafuta kwa mbio.