Reli ya Juu, Theluji ya Mbali

Je, wajua kwamba stesheni ya reli ya Nairobi iko juu kuliko Zermatt? Zermatt ni kijiji cha Uswisi kinachojulikana dunia nzima kwa mchezo wa kuteleza kwenye theluji kwa skii. Wageni hufika kwa treni, kwa kuwa magari ya petroli na dizeli yamepigwa marufuku humo. Kimo chake ni mita 1,600 na ushei kutoka usawa wa bahari. Stesheni ya Nairobi iko kwenye mita 1,660 hivi. Ukitoka hapo ukapanda matatu hadi Nyeri, ukapita Mweiga na kushukia Endarasha, umeshavuka mita 2,000, na vijiji vingi vya skii vya milima ya Alps umeviacha chini yako.

Tena Endarasha si kilele cha chochote. Ni tambarare ya Kieni, nchi ya viazi, kabeji na ng'ombe wa maziwa, iliyokaa kati ya safu ya Nyandarua upande wa machweo na Mlima Kenya upande wa macheo. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu anayepeleka maziwa huiona barafu ya mlima kwa macho yake. Anavaa kofia ya sufu na koti zito. Lakini theluji ya kutelezea hana, wala baba yake hakuwa nayo.

Basi kuna kitendawili hapa, na njia nzuri ya kukitegua ni kuitazama mashine moja: treni inayopanda milima.

Kwanza tuwaangalie wenye theluji. Ulaya, treni ya usiku ya kwenda kwenye skii ni jambo la kawaida. Unapanda Paris jioni, unalala kitandani ndani ya behewa, na asubuhi uko Briançon, mji wa milimani wenye kimo cha zaidi ya mita 1,200. Wasweden huondoka Stockholm au Malmö usiku na kuamkia Åre. Hesabu yake ni ya watu wanaojali mifuko yao: ile nauli imelipia usafiri na malazi, na siku nzima ya kuteleza imebaki mikononi. Treni haina haja ya kukimbia, maana abiria amelala. Ikifika saa kumi za usiku wangemlaani dereva. Kwa maoni yangu ni mojawapo ya mashine chache ambazo mwendo wa pole ni sifa yake.

Lakini tazama kimo cha Åre. Stesheni yake iko chini ya mita 400. Voi, kwenye joto la Taita Taveta, iko juu zaidi. Finse, stesheni ya juu kuliko zote katika reli za Norway, iko mita 1,222, karibu sawa na Sagana. Finse haina barabara ya magari na theluji yake hudumu hadi masika ya huko yanapokaribia kwisha. Sagana, watu wanafuga samaki na kuuza maembe kando ya barabara.

Sagana nimeitaja makusudi, kwa sababu reli yetu ya mlimani inapitia huko. Tawi hilo lilianzia Nairobi likafika Thika mwaka 1913, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia likaendelea kuelekea kaskazini hadi Karatina, Kiganjo na Naro Moru, likaishia Nanyuki, mlangoni mwa ikweta, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Walowezi waliitaka kwa ngano, mbao na mifugo yao. Kiganjo ndiyo stesheni ya watu wa Nyeri. Mji wenyewe uliachwa pembeni. Upande wa pili wa Nyandarua, tawi jingine lilitoka Gilgil likafika Thomson's Falls, ndiyo Nyahururu ya leo. Endarasha ikabaki katikati ya matawi mawili bila reli, na hadi sasa anayetaka treni hana budi kwanza kutafuta matatu.

Treni za abiria za Nanyuki zilikatika kwa miaka mingi, nyasi zikaota kati ya mataruma. Shirika la Reli la Kenya liliikarabati njia hiyo na Desemba 2020 abiria wakarudi. Ilipoanza, nauli kutoka Nairobi hadi Nanyuki ilikuwa shilingi 200, treni ikiondoka Ijumaa na kurudi Jumapili. Matatu ilikuwa ghali mara kadhaa, na haraka mara mbili.

Kwa nini treni ichelewe hivyo? Jibu liko kwenye gurudumu. Chuma kikikaa juu ya chuma hugusana mahali padogo sana, padogo kama ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani ya kila ukucha huo hulala tani kadhaa. Kwa kuwa vyote viwili ni vigumu na havibonyei, gurudumu huviringika karibu bila kupoteza nguvu. Kuvuta tani moja kwenye reli tambarare kunahitaji nguvu inayotosha kuinua kilo 2 au 3 tu. Ndiyo maana injini moja huburuta mabehewa kumi na zaidi na isihisi.

Sasa ipe mwinuko. Njia ikipanda mita 1 kwa kila mita 100, kila tani inadai kilo 10 zaidi. Ikipanda mita 2, inadai kilo 20. Macho ya binadamu hayaoni mwinuko wa namna hiyo, mwendesha baiskeli hataushukia, lakini kwa treni mzigo umekuwa mara nane au tisa ya ule wa tambarare. Juu ya hayo, ule ulaini wa chuma uliokuwa baraka sasa unageuka: gurudumu linaweza kuzunguka mahali pamoja bila kusonga. Reli ikilowa ukungu wa Karatina au kufunikwa na majani yaliyopondeka, mshiko hupungua zaidi. Ndiyo sababu injini hubeba mchanga mkavu kwenye masanduku, na dereva anapohisi magurudumu yanateleza huunyunyiza mbele yake. Watu hushangaa wakisikia kwamba mashine nzito namna ile inasaidiwa na mchanga.

Mhandisi asiyeweza kupanda moja kwa moja huzunguka. Nchi ya Murang'a na Nyeri ni migongo na mabonde yaliyopangwa mfululizo, na kila bonde lina mto ulioshuka kutoka mlimani au Nyandarua. Reli yenye upana wa mita moja inaruhusu kona kali kuliko reli pana, kwa hiyo ilijipinda kufuata migongo hiyo. Cha kuchekesha ni kwamba treni inayokwenda mlimani huanza kwa kuteremka: kutoka Nairobi inashuka hadi Sagana, karibu na Mto Tana, ikipoteza zaidi ya mita 400, kisha inaanza kuzilipa zote na nyingine juu yake hadi Naro Moru, karibu mita 2,000. Abiria wa matatu hulalamika kwamba treni inazunguka mno. Inazunguka kwa sababu nzuri.

Waswisi waliamua vingine. Reli ya Jungfrau, iliyokamilika mwaka 1912, ina reli ya tatu yenye meno katikati, na gurudumu la injini lenye meno huyang'ata, hivyo hupanda mita 25 kwa kila mita 100 ndani ya mwamba hadi mita 3,454. Abiria hushuka penye barafu ya milele akiwa na viatu vya mjini. Kwetu, anayeshuka Naro Moru hutafuta gari la kumfikisha lango la hifadhi, kisha hutembea hadi kambi ya Met Station, mita 3,050, alale hapo ili mwili uzoee hewa nyepesi. Sioni kwamba tumepunjwa. Mapafu ya mtu hayapendi kupelekwa juu haraka, na wanaokimbilia kilele cha Lenana bila kulala njiani ndio wanaoshushwa wakitapika.

Ila hata tungekuwa na reli ya meno, skii bado isingewezekana, na hapa ndipo kitendawili kinapoteguka. Hewa hupoa kama nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hapa ikweta unaanza na joto kubwa usawa wa bahari, kwa hiyo lazima upande hadi karibu mita 4,700 kabla hujafika kwenye sifuri. Åre haihitaji kupanda popote: iko mbali sana kaskazini, jua la Desemba huchungulia saa chache na kuzama, na theluji iliyoanguka Novemba hungoja hadi Aprili. Kwetu jua hupanda karibu na utosi kila adhuhuri, mwaka mzima, na mchana haupungui saa 12. Theluji inayoanguka usiku juu ya mlima mara nyingi haimalizi siku ya pili. Kituo cha skii hakiishi kwa theluji inayoanguka; kinaishi kwa theluji inayokaa.

Wakulima wa Kieni wanalijua hilo kwa njia yao. Usiku usio na mawingu, ardhi hupoteza joto lake angani, na kabla ya mapambazuko sakitu inakuwa imetanda juu ya viazi. Kufikia saa tatu asubuhi imeyeyuka, na majani yamekuwa meusi kana kwamba yamepitiwa na moto. Baridi ipo; isipokuwa haidumu.

Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, wakazi waliamka wakakuta mteremko mzima umefunikwa weupe. Watoto waliucheza, watu wakaubeba mikononi, na habari ikasambaa kwamba Kenya imepata theluji. Wataalamu wa hali ya hewa walifika wakaeleza kwamba ni mvua ya mawe: chembe ndogo za barafu zilizoanguka kwa wingi na kushikamana. Theluji ni fuwele zinazojengeka taratibu ndani ya wingu baridi. Mawe ya mvua ni matone yaliyorushwa juu na chini ndani ya wingu la radi yakagandishwa. Ya pili hatuikosi. Ya kwanza imekaa na mlima.

Na mlima unazidi kuipoteza. Halford Mackinder, Mwingereza wa kwanza kufika kilele cha Batian, alikuja mwaka 1899, miezi michache tu baada ya reli ya kutoka Mombasa kufika Nairobi. Alipanda treni hadi mwisho wa reli, kisha akatembea na Wazungu wenzake 5, wapagazi Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamasai wawili wa kuwaongoza njia. Tarehe 13 Septemba yeye na waongozaji wawili wa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama kileleni. Wakati huo mlima ulikuwa na barafu 18. Leo zimebaki kama 10, nyingine ni mabaki tu. Ile ya Lewis, iliyochunguzwa kuliko karibu barafu zote za ukanda wa joto, ilipoteza asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, kisha ikakatika vipande viwili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekadiria kwamba mlima huu unaweza kukosa barafu kabisa katika miaka ya 2030. Treni ya Nanyuki imefufuka kukiwa kumebaki kidogo cha kwenda kuona.

Waliowahi kuteleza kwa skii Afrika Mashariki wapo. Mwaka 1912, mwaka uleule wa reli ya Jungfrau, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo, kilele cha Kilimanjaro, wakashuka kwa skii. Barafu ya Furtwängler imepewa jina lake, nayo imekonda.

Treni ya usiku pia tulikuwa nayo, ya kweli, yenye vitanda na behewa la kulia chakula. Ila ilielekea upande mwingine. Ilitoka Nairobi jioni na kushuka usiku kucha hadi Mombasa. Mtu alilala na blanketi na kuamka akifungua dirisha kutafuta upepo. Ilikoma mwaka 2017 reli mpya ya kisasa ilipoanza, na treni ya usiku iliyofuata kwenye reli hiyo mpya ina viti tu. Upande wa magharibi, treni za Kampala zilivuka mwinuko wa Timboroa, zaidi ya mita 2,780, wakati reli ya Bernina, ya juu kuliko zote zinazovuka Alps bila meno, inaishia mita 2,253. Safari ilichukua usiku mzima na zaidi. Abiria walipita mahali ambapo Ulaya pangekuwa na hoteli za skii, wakajifunika vizuri, wakaendelea kulala hadi Eldoret.

Eldoret ndiko alikotoka Philip Boit, mkimbiaji wa mbio za kati aliyepelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza skii. Alikuwa hajawahi kukanyaga theluji. Februari 1998 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki za majira ya baridi za Nagano, Japani, katika mbio za skii za kilomita 10, akamaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amemaliza dakika 20 kabla, lakini alikataa sherehe ya medali ianze mpaka amkumbatie Boit kwenye mstari. Japani ilikuwa imefungua reli ya kasi hadi Nagano miezi minne tu kabla ya michezo, ili watazamaji wafike kwenye theluji kutoka Tokyo asubuhi na kurudi jioni.

Miaka 20 baadaye, Korea Kusini ilifanya vivyo hivyo: Desemba 2017 ilifungua reli ya kasi kutoka Seoul kwenda Pyeongchang. Kwenye michezo ya huko, Kenya iliwakilishwa na Sabrina Simader, mwanamke wa kwanza wa nchi hii katika Olimpiki za majira ya baridi, aliyeshindana kwenye miteremko mikali. Hakutoka Timboroa, wala Nyeri, wala kona yoyote ya nyanda za juu zenye sakitu. Alizaliwa Kilifi, ufukweni, akachukuliwa mdogo kwenda kukulia Austria, ambako theluji hukaa.